Siku moja Innsbruck kwa kadi ya saa 24: uzoefu wangu

Nilipita Innsbruck, Austria, nikitoka Ujerumani kuelekea Italia, nikanunua Innsbruck Card ya saa 24. Kwa msafiri mwenye siku moja tu mjini pale, naipa alama za juu kabisa, kwa sharti moja: anza na mlima, mji utakusubiri.

Kadi zipo za saa 24, 48 na 72, na muda unaanza kuhesabiwa unapoitumia mara ya kwanza, si unapoinunua. Inalipia mabasi na tramu za mjini, makumbusho, na safari moja ya kupanda na kushuka kwa magari ya kebo. Hapo kwenye kebo ndipo thamani yake ilipo. Tiketi ya kwenda juu na kurudi peke yake ingemeza sehemu kubwa ya bei ya kadi nzima.

Mji uko bondeni kando ya mto Inn, mita 574 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Nordkette imesimama kaskazini yake kama ukuta wa jirani. Kutoka mji wa kale unatembea kidogo tu hadi kituo cha Hungerburgbahn, treni inayovutwa mlimani kwa kamba ya chuma. Ilifunguliwa mwaka 2007, na vituo vyake vilisanifiwa na Zaha Hadid, mzaliwa wa Baghdad, aliyeyapa mapaa ya kioo maumbo ya barafu ya milimani. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba vyumba vya treni hujisawazisha vyenyewe kadiri mteremko unavyobadilika. Mzee aliyeketi mbele yangu alikuwa ameilaza fimbo yake mapajani, na haikuteleza hata kidogo.

Huko Hungerburg, treni hiyo inapoishia, unahamia kwenye gari la kebo hadi Seegrube, mita 1,905, kisha jingine hadi Hafelekar. Kutoka hapo unamalizia kwa miguu, njia fupi lakini kali, hadi kilele cha mita 2,334. Beba jaketi hata kama mjini kuna joto. Simama kileleni utazame kusini: mji wote uko chini ya miguu yako, na ndege zinazotua uwanjani unaziona mgongo. Geuka kaskazini, hakuna mji tena. Ni milima ya Karwendel, miamba mitupu ikifuatana mpaka macho yachoke. Dakika chache nyuma ulikuwa barabarani kati ya tramu na maduka! Ndege weusi wa jamii ya kunguru, wenye midomo ya njano, wanazunguka pale wakivizia mkate wa wageni. Nilikaa juu muda mrefu kuliko nilivyopanga, na ningerudi kesho kwa ajili ya hapo tu.

Asubuhi ndiyo saa yake, kwa sababu wakati wa kiangazi mawingu na radi hupenda kuja mchana. Pia kuna vipindi vya majira ya kuchipua na vya vuli ambapo kebo husimamishwa kwa matengenezo, kwa hiyo angalia ratiba kabla ya kutoa pesa. Ukishuka unaweza kukatiza Alpenzoo, bustani ya wanyama wa milima ya Alps pekee. Ukiwa na watoto, usiipite.

Mjini, kila mtu anakimbilia Goldenes Dachl, roshani ya mfalme Maximilian I yenye vigae 2,657 vya shaba vilivyopakwa dhahabu. Ni nzuri, lakini ni ndogo na umati ni mkubwa. Piga picha uendelee. Migahawa iliyouzunguka uwanja ule sikuipenda, chakula ghali na huduma ya kusuasua.

Muda huo upeleke Hofkirche. Ndani ya kanisa hilo sanamu 28 za bronzi, kubwa kuliko binadamu, zimelizunguka kaburi la Maximilian, na kaburi lenyewe ni tupu: alifariki mwaka 1519 akazikwa Wiener Neustadt. Sogea karibu uone mafundi walivyofanya kazi. Tarizi za mavazi, pete za minyororo, mikunjo ya vitambaa, yote yamefinyangwa kwenye chuma. Sanamu ya King Arthur, mfalme wa hadithi za kale za Uingereza, ilibuniwa na mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer, na ndiyo iliyonishika zaidi.

Jioni nilipanda tramu hadi Bergisel, mnara wa kuruka kwa ski (mbao za kutelezea kwenye theluji) ambao nao ni kazi ya Hadid, wa mwaka 2002. Kilima cha Bergisel kilitumika katika Olimpiki za majira ya baridi za 1964 na 1976. Kutoka juu, moja kwa moja mbele ya njia anayoteleza mrukaji, unaona makaburi ya Wilten. Niliwahurumia na kuwaheshimu wanamichezo hao kwa pamoja.

Kadi inakuruhusu pia kwenda kwenye maonyesho ya fuwele ya kampuni ya Swarovski kule Wattens, ila kwa siku moja achana nako, kutakula nusu ya saa zako. Na ukiamka ukakuta mawingu yameziba Nordkette, usiianzishe kadi. Ingia Hofkirche kwa tiketi ya kawaida, tazama picha za kamera za mlimani kwenye simu, na uianzishe pale kilele kitakapoonekana.