Uzoefu wangu: Dell ya ofisini niliyoigeuza mashine ya gemu hapa Arusha

Kompyuta ya ofisi ya mtumba inafaa kwa gemu, tena inafaa sana, mradi ununue kasha la kusimama. Haya membamba yanayojaa madukani yanapendeza kwenye meza ya mhasibu, lakini yanapokea kadi za picha za kimo kifupi tu. Kadi hizo ni adimu, na wauzaji wanajua kwamba ni adimu.

Yangu ni Dell OptiPlex 7060 ya kusimama, toleo la 2018: prosesa Core i5-8500 yenye kori sita, RAM 8GB na SSD ya 256GB. Nililipa 480,000 kwenye duka moja karibu na Mnara wa Saa. Ubavuni ilikuwa bado na stika ya mali ya ofisi, maandishi ya Kijerumani. Pembeni yake zilipangwa za i5 kizazi cha nne kwa karibu nusu ya bei hiyo, na muuzaji alizipigia debe kweli kweli. Sikuzitaka. Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha nane, ambacho ndicho cha i5-8500, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025. Ukiwa na mpango wa kucheza gemu ya Valorant ndiyo usizisogelee kabisa, maana kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, vitu vya usalama vya ndani ya mashine.

Kabla hujatoa hela, iwashe ukibonyeza F2 uingie BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mashine. Ukikuta imefungwa kwa nywila iliyoachwa na ofisi ya zamani, rudisha mashine ya watu mezani.

Sasa tuje kwenye umeme, maana hapo ndipo wengi wanakwama. Pawa saplai ya mashine hii ni ya wati 260 na haina waya wa kulishia kadi. Kadi inabaki kula kutoka kwenye sloti peke yake, yaani pale inapochomekwa kwenye madabodi, na sloti inatoa wati 75 basi. Kuibadilisha pawa saplai si rahisi, kwa sababu plagi ya madabodi si ile ya pini 24 iliyozoeleka. Kwa hiyo chaguo langu lilikuwa kati ya kadi mbili za NVIDIA zinazotosheka na sloti, GTX 1050 Ti na GTX 1650, zote za 4GB. Nikachagua 1650. Ni ya 2019 na ina nguvu zaidi, halafu 1050 Ti ipo kwenye kundi ambalo NVIDIA wamelisitishia draiva mpya za gemu. Iangalie kadi vizuri juu pale: zipo 1650 zenye tundu la pini sita la waya wa umeme, hizo tuachane nazo.

Kadi ya kwanza niliyoitiwa ilikuwa mtaa wa Sakina, kwa bei tamu mno. Nikapakia desktopu kwenye bajaji, nikaenda nayo. (Dereva aliuliza kama nahama.) Tukaichomeka, Windows ikaandika GTX 1050 Ti, jamaa akatabasamu. Nikafungua GPU-Z, programu ya kutambua kadi, kutoka kwenye flashi. Mwanzoni mwa jina la kadi pakatokea neno FAKE kwenye mabano: kadi ya kizamani iliyobadilishwa programu yake ya ndani ijitambulishe kwa jina la mwenzake. Jamaa akanitazama akasema, "Kaka, hiyo programu yako ndiyo mbovu." Nikafunga kasha langu, tukaagana kwa amani. Programu ile ni ya bure na ni ndogo. Usinunue kadi ya mtumba bila kuwa nayo. Ya kwangu niliipata kwa mtu mwingine, Njiro, 280,000, na huyo aliniacha niipime nikiwa nacheza mpaka niridhike.

RAM ilikuja kijiti kimoja. Nikaongeza kingine cha 8GB kwa 70,000, na hapa nawasihi msibane hela. Vijiti viwili vinafanya kazi sambamba, na ile mikwamo ya ghafla ukiendesha gari kwa kasi katikati ya mji kwenye GTA V ilipungua waziwazi.

Monita ya inchi 22 ya mtumba ilinigharimu 130,000. Chukua yenye HDMI au DisplayPort, maana 1650 haina VGA. Jumla ikafika 960,000.

Inachezaje? GTA V kwenye 1080p inakaa fremu 60 kwa sekunde na zaidi bila kulalamika, gemu za mpira vilevile ukiweka picha za wastani. Cyberpunk 2077 inakwenda, ila kwa mipangilio ya chini kabisa na uvumilivu. Gemu mpya nzito zinazotaka zaidi ya 4GB za kadi sizihangaikii. Feni inasikika nikibanwa na mechi ndefu, ingawa kwa baridi yetu ya Julai hata haisumbuki.

Umeme nao haunitishi. Mashine na monita vikila kama wati 170 wakati wa gemu, uniti moja ya LUKU inanisogeza karibu saa sita. Kinachoniumiza ni bando. GTA V inazidi 100GB, kwa hiyo mimi nanakili gemu kutoka kwenye diski ya jirani mwenye faiba, kisha Steam, duka la gemu la mtandaoni, inakagua na kupakua kilichopungua tu. Na ile SSD ya 256GB imeshajaa, diski ya 1TB ndiyo inayofuata mshahara ukiingia.