Meza ya jezi za mitumba Owino: nenda, lakini geuza jezi nje ndani kwanza

Kwenye karatasi soko hili ni la Mtakatifu Balikuddembe, ila ukimwambia bodaboda akupeleke, sema Owino tu. Ingia kwa upande wa uwanja wa Nakivubo, pita viatu, pita mashuka, kisha uliza kwa Hajati wa jezi. Wauza jezi wamejaa Kampala, na wengi wao wana Arsenal na Man U za kuigiza, zinazong'aa siku ya kwanza na kuchuja zikifuliwa mara mbili. Mzigo wa Hajati hutoka kwenye marobota ya mitumba ya Uingereza, na humo ndani huwa na vitu ambavyo hakuna mtu aliyeviagiza, jezi za klabu ndogo za Uingereza: Rochdale, Grimsby, Notts County. Wenzake huzitupa kwenye rundo la nguo za kazi, ndiyo maana utamkuta fundi rangi kavaa jezi ya Rochdale juu ya ngazi. Hajati huzichambua, huzifua na kuzitundika kwa henga. Kwa hilo peke yake nampa heshima zangu zote.

Mimi nimekulia kambi ya polisi Nsambya, nikacheza beki wa kati mpaka goti likakataa, na sasa nafundisha vijana. Kijana asiyekosa mazoezi muhula mzima humnunulia jezi ya kweli. Mara hii zamu ilikuwa ya beki wangu wa kati, mtoto mkimya ambaye hakuna anayepiga kelele jina lake, kwa sababu kazi yake ikienda vizuri hakuna kinachotokea langoni. Nikataka apate jezi ya Yeovil Town, kijani na nyeupe, kwa ajili ya Bevis Mugabi, beki wa Uganda aliyewahi kuichezea.

Mugabi alizaliwa Harrow, London, mwaka 1995. Alipitia timu za vijana za Fulham, kisha Southampton, ile akademi iliyowatoa Bale na Walcott. Wengi hapo ndipo safari zao zinapoishia. Mwaka 2016 Southampton wakamwacha, naye akashuka hadi daraja la nne, Yeovil, mji mdogo wa Somerset uliokuwa ukijulikana kwa kushona glavu za ngozi. Kule unacheza mechi 46 za ligi kwa msimu, kwenye matope ya Januari, dhidi ya washambuliaji wanaokuja na viwiko. Alicheza katikati, akihitajika kulia akaenda kulia. Nikiwaambia vijana wangu kwamba beki hachagui mahali pa kusimama, ni yeye namtolea mfano.

Watu wengi hapa waliisikia Yeovil siku moja tu, tarehe 26 Januari 2018, walipoikaribisha Man U uwanjani Huish Park kwenye Kombe la FA na kufungwa 4-0. Kibanda chetu cha kutazamia mpira kilijaa kwa sababu Alexis Sánchez alikuwa anaanza kazi Man U usiku ule. Mimi macho yangu yalikuwa kwa mabeki wa Yeovil. Kwa muda mrefu kipindi cha kwanza walijipanga vizuri, mstari mmoja, wakisukuma pamoja na kurudi pamoja. Mwaka huohuo Mugabi akaanza kuivaa jezi ya Cranes, timu ya taifa ya Uganda, enzi za kocha Desabre.

Halafu ukaja 2019. Yeovil wakamaliza mkiani na kutoka kabisa kwenye ligi nne za juu za England walizoziingia mwaka 2003. Walioshuka nao ni Notts County, klabu ya tangu 1862. Beki aliyeshuka na timu ya mwisho ya daraja la nne, nani anamtaka? Motherwell wa Scotland walimtaka. Alitua huko mwaka huohuo, msimu ukakatizwa na korona Motherwell wakiwa nafasi ya tatu, na akadumu miaka. Hiyo ndiyo hadithi ninayotaka kijana wangu aivae mgongoni.

Nilipomwambia Hajati natafuta Yeovil, hakuniuliza Yeovil ni nini. Alisema, "Ya kijani? Ngoja kocha," akainama chini ya meza. Yeye ni mtu wa Arua, Kiswahili chake kimenyooka. Akatoa jezi, akaigeuza nje ndani mwenyewe na kunionyesha: nembo imedariziwa, uzi wa nyuma umefungwa vizuri, kibandiko cha maelezo ya kufua bado kipo ubavuni, na mshono wa kwapa haujaguswa. Ukivuta kitambaa kinarudi. Harufu ya robota ilikuwa imetoka, sabuni ya mche ndiyo iliyobaki.

Alianza na elfu ishirini, tukamaliza kumi na tano. Kwa kitu halisi hiyo ni bei ya haki, na mtu asikudanganye kwamba mitumba yote ni elfu tano.

Sasa kasoro. Hakuna pa kujaribia, utaivaa juu ya shati lako katikati ya watu. Saizi za watoto ni chache mno, hii yangu ni S ya mtu mzima na kijana ataisubiri mwaka mmoja aijaze. Risiti hakuna. Na kubwa zaidi, kijana anayemsaidia Hajati huchanganya jezi za kuigiza na zile halisi kwenye henga moja na kutaja bei ileile. Hajati akiwa ameenda kuswali, usinunue, msubiri arudi. Hilo nilimwambia Hajati mwenyewe ana kwa ana, akaahidi kuzitenga. Nitafurahi nikikuta ametenga kweli.

Jina la Mugabi nililichapisha Nasser Road, mtaa wa wachapishaji hapa Kampala. Herufi zilitoka zimeinama kidogo, lakini zimeshika. Mkipiga pasi, wekeni gazeti juu ya herufi.

Nendeni asubuhi robota linapofunguliwa, kabla wachuuzi wa jioni hawajabeba nzuri zote. Mara ya mwisho niliacha ya Notts County, mistari meusi na meupe, saizi M, kwapa moja limeshonwa upya. Alikuwa anataka elfu kumi na mbili.