Vyakula vya shamba vya Uturuki madukani Nairobi: anza na bulgur

Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu kwenye rafu ya vyakula vya Uturuki, chukua bulgur, yaani ngano iliyochemshwa, ikakaushwa na kusagwa chenga. Vingine navyo ni vizuri, ila kila kimoja kina sharti lake, na sharti hilo hutokana na jinsi kinavyotengenezwa kule kijijini.

Uwanda wa kati wa Anatolia, sehemu ya Uturuki iliyo Asia, uko mita 1,000 hivi juu ya bahari, chini kuliko Nairobi, lakini kipupwe chake huleta theluji na shamba hulala. Kiangazi nacho ni kikavu. Ngano huvunwa mnamo Julai, kisha mapaa bapa ya nyumba na nyua hugeuka vianikio, kwa sababu chakula cha miezi ya theluji lazima kikauke kabla ya mvua ya vuli.

Bulgur si ngano iliyovunjwavunjwa tu, ingawa kuna wauzaji wanaoiita hivyo. Ngano ngumu huchemshwa ikiwa nzima hadi iive, huanikwa juani, hutwangwa kutoa kapi, husagwa kwa mawe na kuchekechwa kulingana na ukubwa. Ndiyo maana hupikika upesi. Itazame kupitia nailoni: punje ziwe za rangi ya dhahabu na zenye kung'aa kidogo. Zikiwa nyeupe na vumbi la unga limejaa chini, hiyo ni ngano mbichi iliyovunjwa, na sufuriani itashikana kama gundi.

Kisha soma neno moja la Kituruki. Pilavlık ni ya chenga kubwa, ya kupika kama pilau. Köftelik ni laini, haibandikwi motoni kabisa: kikombe kimoja kwa kikombe kimoja cha maji ya moto, funika dakika 20, changanya na dania, kitunguu na ndimu. Ukiichukua hiyo laini ukaipikia pilau, utakula ugali wa ngano.

Kwa pilavlık, kaanga kitunguu, tia kijiko kimoja cha salça (rojo la nyanya au pilipili), geuza kikombe kimoja cha bulgur kwa dakika 2, mimina vikombe 2 vya maji yanayochemka, funika na upunguze moto. Maelekezo mengi husema dakika 12 hadi 15. Nairobi hesabu 18 au 20, kwa kuwa kwenye mwinuko huu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Usikoroge. Ukishazima, weka kitambaa safi chini ya mfuniko kwa dakika 10 kinyonye mvuke. Ukiruka hatua hii juu kutakuwa sawa lakini chini kutakuwa majimaji.

Salça ni rojo la pilipili au nyanya lililokaushwa juani. Biber ni pilipili, domates ni nyanya. Acı ni kali, tatlı si kali. Ina chumvi nyingi, kwa hiyo onja kabla ya kuongeza yako. Mkebe ukishafunguliwa, hamishia kwenye chupa ya kioo, sawazisha juu, funika kwa mafuta ya zeituni na uweke kwenye friji. Kijiko chenye maji ndicho huleta ukungu.

Tarhana ni ya kupikia supu: ni unga, yogati, nyanya na pilipili vilivyochachushwa pamoja kwa siku kadhaa, vikakaushwa na kufikichwa. Aliyezoea uji wa wimbi uliochacha ataielewa mara moja. Asiyependa uchachu asihangaike. Loweka vijiko 4 kwenye kikombe cha maji baridi kwa nusu saa, ongeza vikombe 3, na ukoroge bila kuacha hadi ichemke, la sivyo hutuama chini na kuungua.

Aprikoti kavu za Malatya, mkoa wa mashariki mwa Uturuki, zina jambo moja la kujua. Zile za rangi ya chungwa zimefukizwa salfa, na mwenye pumu ajihadhari nazo. Za kahawia, gün kurusu, zimekaushwa kwa jua tu. Hazipendezi machoni, lakini utamu wake ni mzito, karibu na sukari guru. Msimu wa mvua za masika hunyonya unyevu zikiachwa kwenye karatasi, basi ziweke kwenye chombo kinachoziba vizuri. Tarehe inayopendekezwa kutumia bidhaa kabla yake itafute penye herufi TETT.