Kupitisha waya ndani ya fremu ya baiskeli: sumaku au uzi?

Fremu ya alumini au kaboni haivutwi na sumaku, hivyo ukiiburuta sumaku kali juu ya bomba, inauongoza waya wa gia hadi tundu la kutokea. Kwenye fremu ya chuma usijisumbue. Sumaku itang'ang'ania bomba lenyewe.

Uzi hauchagui fremu. Ziba matundu mengine, weka mashine ya kufyonza vumbi kwenye tundu la kutokea, uzi mwepesi ulioutia kwenye tundu la kuingilia utavutwa mpaka nje. Ufunge kwenye waya, uvute taratibu. Mimi napendelea uzi, maana sumaku isipofunikwa kitambaa huchubua rangi.

Ila waya wa zamani ukiwa bado umo, tafadhali usiuchomoe! Uvishe kwanza mrija mwembamba wa plastiki. Kisha chomoa waya, uache mrija: huo ndio utakaoupokea waya mpya.