Glavu za tachi za shilingi 6,000: wiki sita kwenye barabara ya Arusha

Mimi nauza maziwa kwa baiskeli. Saa kumi na moja alfajiri natoka Veyula, madumu mawili yananing'inia kwenye karia, moja kila upande, nashuka na barabara ya Arusha, napita Msalato, napita Miyuji, mpaka Area A, Dodoma mjini, kwa wateja wangu. Nimetanguliza hilo ili mtu asije akasema huyu glavu kazijaribia kitandani.

Anayeijua Dodoma kwa jua na vumbi tu, aje mwezi wa sita au wa saba. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kipupwe kikikolea alfajiri inashuka mpaka nyuzi 13 au 14. Najua mtu wa Njombe atacheka. Acheke, kisha apande baiskeli na upepo huu mkavu ukija usoni, mikono imeshika usukani saa nzima bila kuachia. Mimi vidole vinafika mahali breki naikamata kwa kukisia.

Kuvaa glavu ni rahisi. Kazi ni simu. Mteja anapiga nikiwa njiani: leo usilete, tumesafiri, leo ongeza lita moja, tuna wageni. Usipopokea, unabeba maziwa ya mtu aliyeko Singida. Kwa hiyo kila mara nilikuwa nasimama, nang'ata ncha ya glavu, navuta, napokea, navaa tena. Hesabu hiyo mara kumi na tano kabla jua halijachomoza.

Jozi yangu ya kwanza ilikuwa ya mtumba, kutoka soko la Sabasaba, shilingi 3,000. Nene kama mto, zile za Wazungu za kutelezea kwenye theluji. Joto lake sina la kusema, ni mkono ndani ya blanketi. Ila kioo cha simu hakikujua kama nipo. Simu za tachi za sasa hazisikii nguvu ya kubonyeza, zinasikia umeme mdogo unaopita kwenye ngozi, na kitambaa kinene kinaukata. Ungebonyeza mpaka kioo kipasuke, bure. Nikawa napokea kwa pua. Pua nayo ni ngozi, inakubali vizuri tu, lakini jaribu kupiga namba kwa pua halafu kuna baridi na makamasi yanachuruzika.

Ndipo nikanunua hizi za tachi, pale kwa wamachinga. Ameanza na 10,000, tumeachana kwa 6,000. Nyeusi, nyembamba, za kufumwa, na ncha za vidole vitatu, gumba, cha shahada na cha kati, zina uzi wa kijivu unaopitisha umeme. Muuzaji akaniambia mambo mawili. La kwanza, "Kaka, hizi hata maji haziingii." Yanaingia. Asubuhi moja ya umande niliegemeza baiskeli kwenye majani tu zikalowa. La pili, "Saizi moja, wanavaa wote." Hilo ndilo lililonitesa.

Siku ya kwanza gumba lilikubali, kidole cha shahada kikagoma. Nikajua nimepigwa. Siku ya nne niko getini kwa mama mmoja mwalimu mstaafu, napokea simu ya mteja mwingine, inaita tu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mbona unapigana na simu?"

Nikamwonyesha. Akaishika ile glavu kwenye kifundo cha mkono, akaivuta chini kwa nguvu kama anamvalisha mtoto soksi. "Haya, gusa." Nikagusa, ikapokea. Kumbe vidole vyangu ni vifupi, na ncha ya glavu ilikuwa imebaki tupu mbele ya kidole. Ule uzi lazima uguse ngozi kwa ndani na kioo kwa nje. Katikati kukiwa na hewa, hakuna kinachopita.

Nikampelekea fundi cherehani wa Miyuji. Akaniuliza kama nimeanza upasuaji. Akakunja kila ncha kidogo, akapiga mshono kwa ndani, akataka buku, yaani elfu moja, au nusu lita ya maziwa. Tangu hapo kupokea, kutelezesha na kurekodi ujumbe wa sauti nafanya mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedeli, glavu mkononi.

Namba ya siri ya pesa za simu ni habari nyingine. Kidole ndani ya glavu kinanenepa, ukilenga 5 unapata 8. Mimi huwa sitoi maziwa kwa meseji ya malipo peke yake, meseji za uongo zipo, naangalia salio kwanza. Nikakosea mara mbili, ya tatu nikaogopa, nikavua. Kwa mambo ya pesa vua tu, usijidanganye.

Na angalia tone la maziwa. Likidondokea kioo, simu inaliona kama kidole: inafungua hiki, inafunga kile. Nafuta kwa mkono wa sweta kwanza.

Kijana mmoja alinishauri nisinunue glavu kabisa, niingie kwenye mipangilio ya simu niwashe ule uwezo wa kioo kusikia kupitia glavu. Simu yangu inao, si zote zinao. Kwa glavu nyembamba unasaidia kweli. Shida kioo kinakuwa chepesi mno kusikia. Niliisahau mfukoni bila kuifunga, paja likampigia mama mkwe saa kumi na moja na nusu alfajiri. Simu ya saa hiyo kwetu ina maana moja tu. Alipokea analia tayari, na alichosikia ni mimi nikimtukana mbwa wa Msalato. Nimeuzima, sijauwasha tena.

Joto lake ni la wastani, hazifiki robo ya zile za mtumba. Kwa Dodoma zinatosha mpaka saa moja na nusu, baada ya hapo unavua mwenyewe. Breki inashikika vizuri, haitelezi. Vumbi likijaa kwenye ule uzi zinakuwa nzito kusikia. Nafua kwa sabuni Jumapili, zinarudi.

Wiki ya sita hii, uzi wa kidole cha shahada mkono wa kulia umelika, ndicho kinachosugua breki. Gumba bado zima. Cha kati ni kama kipya, sasa nakitumia hicho, ila usikiinue mbele ya mteja kabla hujamweleza.

Jozi ya pili nimeshanunua, safari hii kwa 5,000. Sijaivaa. Iko kwa fundi Miyuji, ameitundika dirishani, na kaniambia haipigi mshono mpaka nimlipe kwanza ile nusu lita ya mara iliyopita.