Kliniki Iliyokataa Kuniandikia Jina la Sindano

Ninaipa kliniki hii nyota moja, na hiyo moja ni ya kijana anayeogesha mbwa, si ya daktari wala ya mapokezi. Sitaitaja jina, ingawa hasira niliyo nayo inanishawishi niitaje pamoja na ramani ya kufika.

Kashata ni mbwa jike mweupe, mchanganyiko wa Maltese, mwenye uzito wa kilo nne hivi. Masika yalipoanza, naye alianza kujikuna mpaka ikawa usiku halali yeye wala hatulali sisi. Alijitafuna mgongoni karibu na shina la mkia, akajilamba vidole hadi manyoya meupe yakageuka rangi ya kutu kwa mate, na masikio yake yakaanza kunuka. Majirani walinishauri kila kitu walichokijua: oili chafu ya gari, dawa ya kuogeshea ng'ombe, hata mafuta ya taa kidogo ndani ya maji ya kumwogeshea. Kwa mbwa mdogo kiasi hicho, tena anayejilamba kutwa nzima, dawa za namna hiyo zinaweza kumwua, kwa hiyo niliona heri nimpeleke kwa wataalamu na nilipe wanachodai.

Walidai kingi, nami nikalipa. Daktari alimtazama Kashata akiwa bado mikononi mwangu, akasema ni mzio, akamchoma sindano. Hakumpitishia chanuo kutafuta viroboto, hakuchukua ukoko wa ngozi kutafuta utitiri, hakuangalia ndani ya masikio, wala hakuuliza anakula nini. Lakini haki isemwe: sindano ile ilifanya kazi ajabu. Kesho yake Kashata hakujikuna hata mara moja, na laiti ningeandika maoni haya siku hiyo, ningewapa nyota zote na kuwaombea dua. Kwa siku kadhaa alikunywa maji kama ng'ombe aliyetoka machungani, akakojoa mkekani, jambo ambalo hajapata kulifanya tangu alipokuwa mtoto, na akawa analilia chakula muda mfupi tu baada ya kula. Wiki chache baadaye muwasho ulirudi, tukarudi nasi, akachomwa tena. Sentensi ya daktari ilikuwa ileile, na bei ilikuwa imepanda kidogo.

Safari iliyofuata ndipo nilipouliza. Niliuliza kwa adabu, kwa sababu nimelelewa kumheshimu daktari, awe wa watu au wa mifugo.

“Daktari, naomba uniandikie jina la sindano hii kwenye kadi yake.”

“Mama, wewe ni daktari wa mifugo?”

“Hapana, mimi ni mwenye mbwa.”

“Basi niachie mimi kazi yangu. Ni sindano ya mzio, inatosha.”

Alisema hivyo mbele ya wateja wengine, mlango ukiwa wazi, na mmoja wao akacheka. Nilikwenda mapokezi, nikamwomba dada aliyekuwa pale aniandikie yeye. Akanijibu bila kuinua macho kwenye simu yake kwamba mfumo wao hauandiki majina ya dawa. Kisha akanikabidhi risiti, na kwenye risiti hiyo shampuu niliyonunua ilikuwa imeandikwa jina lake kamili, ujazo wake na harufu yake, na mkanda wa shingoni umeandikwa hadi rangi. Sindano iliyoingia mwilini mwa mbwa wangu ilikuwa imeandikwa “huduma”.

Mtu anaweza kudhani ninakuza jambo dogo. Si dogo, na nilijua kwamba si dogo pale Kashata alipovunjika jino, kwa kuwa mbwa hawa wadogo meno yao yana matatizo mengi, na likalazimika kung'olewa. Nilimpeleka kwa daktari mwingine, mzee mmoja mtaratibu aliyesomea Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro, ambaye kabla ya kugusa chochote aliomba kuona kadi. Aliisoma, akaigeuza, akauliza: “Alichomwa nini, na lini?” Nikamwonyesha risiti. Alivua miwani, akakaa kimya kidogo, na nadhani alikuwa anajizuia kumsema mwenzake vibaya.

Alinieleza kwamba kwa dalili nilizomsimulia, yaani kiu, mkojo na njaa, sindano ile kwa vyovyote ilikuwa ya steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza mzio na uvimbe, na kwa kuwa nafuu ilikuwa ikidumu wiki kadhaa, huenda ni zile zinazokaa mwilini kwa muda mrefu. Mbwa aliyepewa steroidi hafai kupewa juu yake dawa za maumivu kama meloksikamu, kwa maana zikikutana zinaweza kumtoboa tumbo kwa vidonda na kumtoa damu ndani kwa ndani. Angejua jina na kipimo, angeweza kukadiria ni lini itakuwa imekwisha mwilini. Kwa kuwa hakujua, ilimbidi achukulie lililo baya zaidi, akatafuta dawa nyingine ya kutuliza maumivu, dhaifu kuliko aliyoikusudia. Nilipiga simu ile kliniki tukiwa palepale. Mara daktari ametoka, mara yuko na mgonjwa, mara simu ikakatwa yenyewe. Mpaka leo sijapewa jina.

Hasara haikuishia kwenye jino. Yule mzee alitaka kumjaribu Kashata kwa chakula, ili ajue kama mzio unatokana na anachokula, kwa sababu vipimo vya damu au nywele vinavyouzwa kwa ajili ya mzio wa chakula haviaminiki. Njia ya kutegemewa ni kumlisha mbwa kitu ambacho hajawahi kula, hicho tu, kwa wiki nane angalau, kisha kumrudishia chakula cha zamani uone kama muwasho unarudi. Lakini jaribio hilo halina maana ikiwa steroidi bado iko mwilini, maana muwasho ukipungua hutajua kilichoupunguza. Tukasubiri. Katika kusubiri huko Kashata alijikuna mpaka akatoka damu mapajani, nami kila nilipomwona nilimkumbuka yule dada na simu yake.

Tulipoanza, tulimpa nyama ya sungura na viazi vitamu vya kuchemsha. Si kazi rahisi katika nyumba yenye watoto, ambao kila mmoja ana siri yake ya kumdondoshea mbwa ngozi ya kuku chini ya meza. Kuku, nyama ya ng'ombe, maziwa na ngano ni miongoni mwa vyakula vinavyowasumbua zaidi mbwa wenye mzio, na kipande kimoja kinatosha kuharibu jaribio zima. Tulivumilia mpaka mwisho, tukamrudishia kuku, na hakuwashwa zaidi ya alivyokuwa. Kumbe chakula hakikuwa na kosa.

Mwenye kosa, au tuseme mkosaji mkubwa, alikuwa kiroboto, na hapa ndipo ninapolazimika kumsifu mtu wa kliniki ileile ninayoilaani. Kijana anayeogesha mbwa alikwisha kuniambia tangu mwanzo. Alichukua chengachenga nyeusi zilizokuwa mgongoni mwa Kashata, akaziweka juu ya karatasi nyeupe ya tishu iliyolowa maji, nazo zikatoa wekundu wa hudhurungi. “Huu ni uchafu wa viroboto, mama,” alisema, “ni damu waliyokwisha kuila.” Nilipomweleza daktari, alijibu kwamba kama kuna viroboto angewaona. Mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto hahitaji viroboto wengi. Kuumwa na wachache tu kunatosha kumwasha kwa siku nyingi, na kwa kuwa anajitafuna kutwa, anaweza kuwameza wote usimwone hata mmoja. Muwasho wa shina la mkia ulikuwa unapiga kelele, na aliyeusikia ni kijana mwenye beseni.

Hata uogeshaji wake ulikuwa wa kitaalamu. Aliiacha shampuu ya klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu vya ngozi, dakika kumi kabla ya kusuuza, wakati wengi huimwagia maji papo hapo na kushangaa kwa nini haikusaidia. Alitumia maji ya uvuguvugu kwa sababu ya moto yanazidisha muwasho, akakausha katikati ya vidole, ambako fangasi hupenda kukaa katika joto hili la pwani. Kwa ajili yake nilitaka kuongeza nyota ya pili. Niliandika mbili, nikafuta.

Sasa Kashata anapata kidonge cha viroboto kwa ratiba bila kukosa, na paka wetu anapata dawa yake mwenyewe, kwa kuwa baadhi ya dawa za mbwa zina permethrini ambayo ni sumu kwa paka. Matandiko ya Kashata yanafuliwa kwa maji ya moto, na zulia tumeliondoa kabisa, kwani mabuu ya viroboto hujifungia humo kwenye vifuko vyao hata miezi kadhaa, yakisubiri. Mkia umepona. Vidole bado vinamwasha mvua zinaponyesha, na yule mzee anashuku kuna mzio wa pili, wa vumbi au ukungu, ambao hauponi bali hudhibitiwa. Kwa vipindi hivyo anampa oklasitinibu, kidonge cha kutuliza muwasho wa mbwa ambacho kimeruhusiwa Marekani tangu 2013, na ambacho yule daktari wa kwanza hakupata hata kukitaja, aliposema kwamba kwa muwasho hakuna kingine ila sindano. Ni ghali, siwezi kuficha. Lakini jina lake, kipimo chake na tarehe viko kwenye kadi, kwa mwandiko unaosomeka.

Nilikuwa nimekusudia kumaliza kwa kuwaambia msikanyage kabisa katika kliniki ile. Siwezi kusema hivyo kwa dhamiri safi, kwa sababu mimi mwenyewe bado ninakwenda. Ninampeleka Kashata kuogeshwa, ninamsubiri kwenye benchi la nje, na mlango wa daktari ninaupita bila kusalimia, jambo ambalo mama yangu angeniona sina adabu. Yule kijana ninampa chake mkononi. Mapokezi ninalipia beseni na maji, na wakinitajia sindano ninawauliza jina lake kwa sauti ya kusikika na kila aliyeketi pale.