Mbunifu wa ndani kabla ya lipu: tathmini ya huduma tuliyoilipia

Nyumba yetu ya Goba, Dar es Salaam, ilikuwa imeezekwa na kutiwa madirisha ya aluminiamu, lakini haijapigwa lipu, mimi na mume wangu tulipoanza kubishana kama kuna haja ya kumlipa mbunifu wa ndani. Yeye alishikilia kwamba fedha hizo zinatosha kununua seti ya makochi, na kwamba nyumba aliyokulia Tanga haikuwahi kuchorewa mahali pa kuweka meza. Mimi nilikuwa na mfano wa nyumba ya dada yangu, ambamo soketi ya jokofu imeangukia nyuma ya mlango na waya wa ekstensheni hukatiza jiko zima mwaka wa tatu sasa. Hatimaye tulimwajiri dada mmoja anayejitegemea, na kwa kuwa tumekwisha kuishi humo miezi minane, naona ninaweza kuipima kazi yake kwa haki.

Malipo yalikuwa shilingi 2,500,000 kwa nyumba ya vyumba vitatu, kwa mafungu matatu: fungu la kwanza siku ya kupima, la pili alipokabidhi michoro pamoja na orodha ya vifaa, na la mwisho baada ya kukagua kazi ya mafundi mara nne. Kabla ya kutajiana bei nilimuuliza alisomea wapi na kama anatambuliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, kwani mjini kila mwenye jicho la mapazia hujiita mbunifu, ilhali Chuo Kikuu Ardhi kinatoa shahada nzima ya fani hiyo. Alijibu bila kuudhika na akanionesha vyeti vyake.

Siku ya kupima ndiyo iliyonishawishi. Alikaa kutwa nzima na tepu yake, na maswali aliyouliza hayakuhusu rangi hata kidogo. Alitaka kujua nani huamka wa kwanza, nguo hupigwa pasi wapi, wageni wangapi hulala sikukuu ya Idi, na maji yanapokatika madumu ya akiba hukaa upande gani. Alizunguka na fundi umeme akichora kwa chaki kila soketi na kila swichi kwenye tofali. Pale tofali likiwa tupu, kuhamisha soketi ni kufuta alama na kuchora nyingine. Baada ya lipu na rangi, soketi hiyohiyo inadai ukuta upasuliwe, uzibwe, kisha upakwe rangi upya kutoka kona hadi kona, maana kiraka hakifichiki. Soketi na swichi 14 zilihama siku hiyo, mbili kati yake zikitoka mahali ambapo kabati la nguo lingezifunika kabisa.

Chumba chetu kina ukuta unaotazama magharibi, ambao hupokea jua la alasiri na kubaki na joto hadi usiku. Ramani ilikuwa imeweka kichwa cha kitanda hapohapo. Alikihamishia upande wa pili, kitanda kikapata upepo wa kusi unaopita kati ya madirisha mawili, na msimu huo kiyoyozi tulikiwasha kwa nadra. Vilevile alitukatalia dari ya jipsamu ya ngazi ngazi tuliyoitamani sebuleni, kwa hoja kwamba dari yetu ni fupi na mapanga ya feni yangekaribia vichwa vya watu. Mume wangu alinuna. Sasa anasema lilikuwa wazo lake.

Palipotushinda kuelewana ni jikoni. Alipendekeza ukuta kati ya jiko na sebule uondolewe, kama inavyoonekana katika picha nyingi za nyumba za siku hizi, na mchoro wake kwa hakika ulipendeza. Lakini nyumbani kwetu samaki hukaangwa karibu kila siku, na mama mkwe, alipooneshwa mchoro, aliuliza swali moja tu: mgeni akija bila taarifa, masufuria yatakimbilia wapi? Nyumba za kale za pwani zilimpokea mgeni barazani au kwenye daka, na shughuli za ndani zikabaki ndani. Kwangu mimi hiyo ni hekima ya kujenga, wala si ushamba wa kuonewa haya. Ukuta ulibaki, tukaongeza dirisha dogo la kupitishia vyakula, ambalo alilichora vizuri mara tu alipokubali hoja. Ningefurahi zaidi kama angeuliza kuhusu mapishi siku ile aliyouliza kuhusu pasi.

Ununuzi ulikuwa sehemu dhaifu kuliko zote. Makochi aliyoyapendekeza, kutoka kwa muuzaji wake, yaliandikwa shilingi 3,800,000. Nilichukua vipimo vyake hadi Keko, na seremala akanitengenezea kwa mninga kwa shilingi 2,600,000. Iwapo mbunifu hupata kamisheni kwa muuzaji, basi aseme mapema na iandikwe kwenye mkataba. Pia aliagiza makabati ya jikoni yote ya MDF, likiwemo la chini ya sinki, ingawa seremala alitahadharisha. MDF ni unga wa nyuzi za mbao ulioshikanishwa kwa gundi, na ukinywa maji huvimba. Mwezi wa sita, baada ya kiungio cha bomba kuvuja kidogo kidogo, mlango wa kabati hilo ulikataa kufunga. Aliposikia alikuja kuutazama, akakiri, lakini gharama ya kuubadilisha tuliibeba sisi.

Kwa anayejenga na bado hajapiga lipu, ningemshauri alipie michoro na mpango wa umeme hata kwa kuahirisha makochi. Mpangaji, au mwenye nyumba iliyokwisha kupakwa rangi anayetaka mapazia na zulia tu, atahudumiwa vya kutosha na fundi mzuri wa mapazia wa Kariakoo. Sisi tuna banda la uani tunalotaka kuligeuza chumba cha wageni mwakani, na dada yule tutamwita tena, kwa michoro na ukaguzi pekee. Keko nitakwenda mwenyewe.